Kuna ufa kwenye mteremko juu ya nyumba yetu. Je, tuhame?

*Swali: Nyumba yetu iko katikati ya mteremko wa mlima na tumeishi hapo miaka mingi bila tatizo. Baada ya mvua za msimu uliopita nimeona ufa ardhini, juu kidogo ya nyumba, wenye umbo la upinde na urefu wa kama hatua ishirini. Mlango wa chumba cha nyuma nao umeanza kukwama. Nimetazama ramani ya maeneo hatarishi na nimeona tupo kwenye rangi ya njano, yaani hatari ya wastani. Jirani ananishauri nizibe ufa kwa saruji na nipande miti. Mwingine anasema poromoko kubwa hapa hutokea mara moja kwa miaka mia, na kwa kuwa la mwisho lilitokea miaka thelathini iliyopita, tuna miaka sabini ya usalama. Nimesikia pia kwamba siku hizi setilaiti huona ardhi ikisogea. Nimwamini nani? Na je, tuhame?*

Nianze na sehemu ya swali lako isiyoweza kusubiri. Ufa wa umbo la upinde juu ya nyumba, pamoja na mlango ulioanza kukwama katika kipindi hichohicho, ni dalili kwamba huenda kipande cha mteremko kimeanza kujitenga na ardhi iliyo juu yake, na kwamba nyumba yenu iko juu ya kipande hicho au mbele yake. Sisemi kwamba kitaporomoka. Miteremko mingi husogea sentimita chache wakati wa mvua, ikatulia, na kukaa hivyo kwa miaka. Lakini mpaka mtaalamu afike na kuukagua kwa macho yake, mtu yeyote asilale katika chumba cha nyuma kinachoelekea mlima, na usiku wowote wa mvua kubwa familia nzima ilale mahali pengine, nje ya mteremko huo. Pangeni hilo leo, pamoja na kujua mtakwenda kwa nani na kwa njia ipi, kisha rudi uendelee kusoma kwa utulivu.

Naona wasiwasi wako unatokana na kupewa majibu manne ambayo kila moja linajibu swali lake. Ramani inazungumzia eneo zima. Hesabu ya miaka mia inazungumzia wastani wa muda mrefu. Ushauri wa saruji na miti unarukia marekebisho kabla chanzo hakijajulikana, na habari ya setilaiti inahusu namna ya kupima. Kitu pekee kinachozungumzia mteremko wenu ninyi, katika msimu huu, ni ule ufa. Kwa hiyo ninapopima ushahidi ulionao, mimi nauweka ufa mbele ya ramani na mbele ya historia.

Ni vizuri uelewe jinsi ramani za namna hiyo zinavyotengenezwa, kwa sababu watu wengi huzisoma kana kwamba kila kiwanja kilikaguliwa. Watafiti huanza kwa kuorodhesha maporomoko ya zamani yanayoonekana kwenye picha za angani, au kwenye vipimo vya leza vinavyochukuliwa kutoka kwenye ndege, ambavyo huweza kuondoa miti katika taswira na kuacha sura ya ardhi tupu. Kisha hutafuta maporomoko hayo yanafanana katika nini: ukali wa mteremko, aina ya mwamba na udongo, umbali kutoka mtoni au kwenye barabara iliyokatwa mlimani, matumizi ya ardhi. Mwishoni kila kipande cha ramani, ambacho mara nyingi kina upana wa mita kumi hadi thelathini, hupewa rangi kulingana na kinavyofanana na mahali palipowahi kuporomoka. Njano yenu, basi, inasema kwamba mteremko wenu unafanana kwa kiasi fulani na miteremko iliyoshindwa kujishikilia. Haisemi lini, haisemi kwa ukubwa gani, na haijui kama kuna mtu aliyechimba chini ya mteremko kupanua njia, au kama kuna bomba linalovuja. Zaidi ya yote, ilichorwa kabla ufa haujatokea. Sidhani kwamba mtaalamu aliyeichora, akionyeshwa ufa huo, atakubali rangi ya njano iendelee kukutuliza.

Ramani nyingi zina upungufu mwingine, nao ni kuonyesha mahali poromoko linapoanzia bila kuonyesha mahali litakapofikia. Tarehe 22 Machi 2014, huko Oso katika jimbo la Washington nchini Marekani, mteremko uliowahi kuporomoka mwaka 2006 uliporomoka tena, na safari hii tope lilivuka mto na kusambaa zaidi ya kilomita moja kwenye bonde tambarare. Watu 43 walikufa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang nchini Tanzania yalishuka hadi katika mji wa Katesh ulio chini ya mlima na kuua watu zaidi ya 80. Kwa hiyo, pamoja na kutazama ardhi iliyo chini ya miguu yako, jiulize kuna nini juu yako na kikiachia kitapita wapi. Korongo dogo linalopita karibu na nyumba, ambalo kwa kawaida ni kavu, linaweza kuwa na maana kubwa kuliko rangi ya kiwanja chenu.

Hesabu ya miaka sabini ya usalama ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ina sura ya kisayansi na inawalaza watu usingizi. Kusema kwamba poromoko la ukubwa fulani hutokea kwa wastani mara moja katika miaka 100 ni kusema kwamba kila mwaka lina uwezekano wa takriban asilimia 1. Mwaka unaofuata poromoko una asilimia hiyohiyo, na mwaka wa thelathini vilevile, kwa jinsi kete isivyokumbuka ilitua vipi mara ya mwisho. Mtu akiishi hapo miaka 30, uwezekano wa kukutana na tukio hilo angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Akiishi miaka 50, ni karibu asilimia 40. Na hata miaka 100 kamili ikipita, haufiki asilimia 100 bali karibu 63. Tena hesabu hiyo hudhani kwamba mazingira hayabadiliki, ilhali mteremko wa kweli hubadilika: mwamba huoza taratibu na kuwa udongo, mto hula kingo za chini, watu hukata ardhi na kuelekeza maji ya mapaa yao mahali pasipotazamiwa, na mvua kali zinaongezeka katika sehemu nyingi za dunia kadiri hewa inavyopata joto. Ufa ukishaonekana, wastani wa miaka mia hauna tena la kukuambia kuhusu mwezi ujao.

Ili uamue vizuri inafaa kujua mteremko unashikiliwa na nini. Udongo ulio juu ya mteremko unavutwa kwenda chini na uzito wake wenyewe, na unazuiwa na mshikamano wa chembe zake pamoja na msuguano kati ya tabaka linalotaka kuteleza na tabaka lililo chini yake. Msuguano huo unategemea jinsi tabaka la juu linavyolibana la chini, na hapo ndipo maji yanapoingia. Wengi husema maji hulainisha udongo ukateleza, lakini kazi yake kubwa ni nyingine kabisa. Yakijaza matundu madogo yaliyo kati ya chembe, maji husukuma pande zote na kubeba sehemu ya uzito ambao awali ulikuwa ukizibana chembe hizo. Mhandisi Karl Terzaghi aliiweka wazi kanuni hii katika miaka ya 1920, na mpaka leo ndiyo msingi wa kazi yetu yote ya miteremko.

Tuitazame kwa tarakimu. Tabaka la udongo uliolowa lenye unene wa mita 5 hulibana tabaka la chini yake kwa takriban kilopaskali 95 (kilopaskali ni kipimo cha mbano). Kila mita ya maji inayopanda juu ya uso wa kutelezea, yaani mahali tabaka hizo mbili zinapokutana, huondoa karibu kilopaskali 10 katika mbano huo. Mvua ikiendelea hadi maji yaliyo chini ya ardhi yakapanda karibu na uso wa ardhi, mbano unaofanya kazi hupungua kwa takriban nusu, na msuguano hupungua kwa kiasi hichohicho, wakati uzito unaovuta kwenda chini haujapungua hata kidogo. Ndiyo maana mteremko uliosimama miaka mingi unaweza kushindwa bila tetemeko la ardhi na bila mtu kuugusa. Kuna jambo jingine linalohusu udongo ambao haujalowa kabisa: unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe huzivuta zikashikana, na kwa nguvu hiyo kingo zilizokatwa wima husimama kiangazi kizima. Maji yakizama hadi hapo, nguvu hiyo hutoweka.

Kina cha uso wa kutelezea ndicho kinachoamua mambo mengi. Tabaka jembamba la mita moja au mbili huporomoka ghafla, baada ya saa chache za mvua kali, mara nyingi bila kutoa dalili. Poromoko la kina kirefu, la mita tano, kumi au zaidi, huitikia mvua ya wiki au miezi, kwa sababu maji huchukua muda kufika chini. Linaweza hata kuongeza mwendo siku kadhaa baada ya jua kutoka, wakati watu wameshaanua vitu vyao na kurudi nyumbani. Ufa wa umbo la upinde unaoonekana wazi, ukiambatana na nyumba iliyoanza kujipinda, hunifanya nishuku kwamba kilichosogea kwenu si ngozi ya juu pekee. Hilo siwezi kulithibitisha kwa maandishi. Anayeweza kulithibitisha ni mtu atakayechimba au kutoboa hapo.

Wala usiamini kwamba ardhi iliyoanza polepole itamaliza polepole. Kwenye Mlima Toc, juu ya bwawa la Vajont kaskazini mwa Italia, ufa mrefu wa umbo la herufi M ulionekana mwaka 1960. Wahandisi walipima mwendo wa mlima kwa miaka mitatu na waliamini wangeweza kuudhibiti kwa kupandisha na kushusha maji ya bwawa taratibu. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, baada ya kasi kufikia takriban sentimita 20 kwa siku, mwamba wa zaidi ya mita za ujazo milioni 260 ulishuka kwa chini ya dakika moja, ukarusha wimbi juu ya ukuta wa bwawa na kuua karibu watu 2,000 waliokuwa bondeni. Vipimo vilikuwepo, tena vingi. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni uamuzi uliowekwa mapema kwamba kasi ikifika kiwango fulani, watu wa bondeni waondolewe bila mjadala.

Sasa saruji. Jirani yako ana haki katika jambo moja, kwamba ufa usiachwe wazi, kwa sababu mvua ikiujaza, maji hayo hukisukuma kipande kwenda mbele na kushuka moja kwa moja hadi kwenye uso wa kutelezea. Kosa liko kwenye saruji yenyewe. Ni ngumu, ardhi haiwi ngumu hivyo. Udongo ukisogea kidogo, saruji hujitenga na ukingo mmoja na kuacha mwanya mwembamba usioonekana, na maji yanaendelea kuingia huku wewe ukidhani umemaliza kazi. Tena inakunyang'anya kipimo chako bora, ambacho ni upana wa ufa. Upige picha kwanza, uweke vigingi nitakavyoeleza hapa chini, kisha ujaze ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka hadi uinuke kidogo juu ya ardhi, na ufunike kwa turubai ambalo kingo zake zimefukiwa. Upande wa juu wa ufa, kwenye ardhi ambayo haijasogea, chimba mtaro mdogo wa kuyakatiza maji na kuyapeleka pembeni mpaka nje ya kipande kinachosogea. Mtaro huo uwe na sakafu isiyopitisha maji, kwa kuwa mtaro wa udongo unaovuja huyapeleka maji palepale tunapoyakimbiza.

Miti nayo inasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba mizizi hushika udongo na kunywa maji, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake iko katika mita moja au mbili za juu, na poromoko linalopita chini ya hapo huibeba miti ikiwa bado imesimama. Mche uliopandwa leo utahitaji miaka kabla haujasaidia chochote. Panda, hasa mahali palipo wazi, kwa faida ya tabaka la juu na ya miaka ijayo, ila usihesabu miche hiyo kuwa ulinzi wa msimu ujao. Lililo muhimu zaidi ni kutoikata miti iliyopo. Mti ukikatwa, mizizi huoza kidogo kidogo, na mteremko unaweza kuwa dhaifu zaidi miaka michache baadaye kuliko siku ile ulipokatwa.

Kazi ambayo ningependa uianze kesho asubuhi ni ya kupima. Chagua sehemu tatu za ufa, katikati na karibu na kila ncha. Katika kila sehemu pigilia vigingi viwili, kimoja juu ya ufa na kingine chini yake, vizame angalau nusu mita ili visitikisike ovyo. Weka msumari kwenye kichwa cha kila kigingi, na upime umbali kati ya misumari hiyo kwa utepe wa chuma, ukisoma hadi milimita na kuuvuta utepe kwa nguvu ileile kila mara. Lalisha ubao ulionyooka kutoka kigingi hadi kigingi na uweke pima maji juu yake, ili uone kama upande wa chini unashuka pamoja na kujitenga. Ndani ya nyumba, kwenye kila ufa wa ukuta chora mstari wa penseli kila upande na uandike tarehe. Weka nje chombo chenye pande zilizonyooka, mbali na miti na paa, upime mvua kwa milimita kila asubuhi. Yote yaandikwe katika daftari moja: tarehe, mvua, umbali wa vigingi, na hali ya chemchemi au mahali penye unyevunyevu chini ya nyumba.

Ukisha kuwa na vipimo, usitazame upana peke yake, tazama kasi. Ufa uliofunguka milimita 30 wakati wa mvua kisha ukakaa hapohapo kwa miezi haunitishi kama ufa uliofunguka milimita 1, halafu 2, halafu 4, halafu 8 katika siku nne mfululizo. Utafiti uliofanywa Japani, tangu kazi za Saito katika miaka ya 1960 hadi za Fukuzono mwaka 1985, ulitupa njia rahisi ya kusoma mwendo unaoongezeka: gawanya 1 kwa kasi ya kila siku na uchore majibu hayo kwenye karatasi. Mara nyingi nukta hushuka karibu katika mstari ulionyooka kuelekea sifuri, na siku ambayo mstari ungefika sifuri ni kadirio la siku ya kuporomoka. Njia hii inatumika hadi leo kwenye migodi ya wazi na kwenye miteremko inayofuatiliwa kwa vyombo vya gharama kubwa. Ina mipaka yake, kwani mwamba unaovunjika ghafla hautoi nafasi ya kuchora chochote, mvua mpya huupinda mstari, na kosa la milimita moja ni kubwa wakati mwendo wenyewe ni mdogo. Basi itumie kama sababu ya kuondoka mapema. Usiitumie kamwe kama ruhusa ya kukaa mpaka siku iliyochorwa.

Wala usidhani kwamba kupima nyufa ni kazi ya kujifariji tu. Huko Xintan, kando ya Mto Yangtze nchini China, ufuatiliaji wa mteremko ulioendelea kwa miaka uliwezesha zaidi ya watu 1,300 kuondolewa kabla ardhi haijaanguka na kuufukia mji wao tarehe 12 Juni 1985.

Kuhusu setilaiti, uliyosikia ni ya kweli kwa kiasi. Setilaiti za rada kama za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hupita juu ya sehemu ileile kila baada ya siku kadhaa, na kwa kulinganisha mawimbi yanayorudi huweza kutambua mwendo wa milimita chache. Zimewasaidia watafiti kugundua miteremko inayotambaa ambayo hakuna aliyeijua. Lakini huona vizuri kwenye mwamba, mapaa na barabara, na vibaya penye majani mengi; hukosa mwendo wa ghafla unaotokea kati ya kupita mara moja na mara nyingine; na karibu hazioni mwendo wa kuelekea kaskazini au kusini. Kipande chenye upana wa hatua ishirini kwenye mlima wenye miti kinaweza kupita bila kuonekana kabisa. Vigingi vyako vina faida kubwa zaidi kwa swali ulilo nalo.

Mvua nayo ina vipimo vyake. Mwaka 1980 mtafiti Nelson Caine alikusanya kumbukumbu za maporomoko ya sehemu mbalimbali za dunia na kuonyesha kwamba ukali wa mvua na muda wake vinaweza kuunganishwa katika mpaka mmoja: mvua kali sana inahitaji saa chache, na mvua ya wastani inahitaji siku nyingi. Tangu hapo maeneo mengi yametengeneza mipaka yake yenyewe, kwa kuwa mpaka wa dunia nzima ni mpana mno kwa mlima mmoja. Daftari lako litakuonyesha wa kwenu: milimita ngapi kwa siku, au kwa wiki, ndizo zinazoamsha vigingi. Mpaka liwe na kurasa za kutosha, fuata tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa, na usingoje zaidi ya hapo.

Kati ya njia za kupunguza hatari, ile ninayoianza kila mara ni maji, kwa sababu ndiyo inayogusa chanzo. Tafuta kila mahali maji yanapoingia katika mteremko: maji ya paa, bomba linalovuja, shimo la choo au la maji machafu, bwawa dogo lililotuama juu ya ufa, shamba linalomwagiliwa. Nimeona miteremko iliyotulia baada ya bomba moja kurekebishwa, na ningependa wako uwe mmojawapo, ingawa siwezi kuahidi. Mahali ambapo maji yako ndani zaidi, wahandisi hutoboa mashimo marefu yaliyolala karibu mlalo, wakaingiza mabomba yenye matundu ili mteremko ujimwage wenyewe. Kuongeza mzigo wa mawe yanayopitisha maji chini ya mteremko husaidia pia, kama kukata sehemu hiyo ya chini kunavyodhuru. Ukuta ni jambo ambalo watu hulikimbilia kwa sababu linaonekana. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji na tabaka la changarawe nyuma yake huyazuia maji na kuongeza msukumo, na ukuta mfupi uliojengwa juu ya kipande kinachosogea utasafiri pamoja nacho. Usijenge ukuta kabla ya mtu kukuambia uso wa kutelezea uko kina gani.

Kwamba juhudi hizi huzaa matunda, Hong Kong ni ushahidi ninaouamini. Tarehe 18 Juni 1972 maporomoko mawili katika siku moja yaliua watu 138 huko, na Agosti 1976 mteremko mwingine wa udongo wa kujazwa ukaua watu 18. Mwaka 1977 iliundwa ofisi maalumu ya kusimamia miteremko. Tangu hapo miteremko takriban 60,000 iliyotengenezwa na binadamu imeandikishwa, mibovu ikawekewa mifereji au kuimarishwa, ujenzi mpya ukakaguliwa, na watu wakapewa tahadhari za mvua. Mvua kali hazijakoma na milima ni ileile, lakini vifo vimekuwa nadra. Ofisi hiyo ilithubutu pia kuandika kiwango cha hatari kinachovumilika: kwa mteremko uliopo, mtu aliye hatarini zaidi asiwe na uwezekano wa kufa unaozidi 1 kati ya 10,000 kwa mwaka, na kwa mteremko mpya 1 kati ya 100,000. Naithamini tarakimu ya namna hiyo kwa sababu inamlazimisha mtaalamu kujibu swali lako halisi, yaani kama watu wako wanaweza kulala hapo, badala ya kukuachia rangi.

Je, mhame? Kuondoka kwa muda, katika usiku wa mvua kubwa, nimeshasema ni lazima. Kuhama moja kwa moja kunategemea mambo ambayo mkaguzi atayapata. Ikigundulika kwamba kilichosogea ni tabaka la juu, kwamba chanzo ni maji yanayoweza kuelekezwa kwingine, na kwamba vigingi vimetulia katika msimu mzima wa mvua uliofuata, ningekaa, huku nikiendelea kupima. Ufa ukiendelea kufunguka hata wakati wa ukavu, ningehama. Na ikiwa kipande ni kikubwa kuliko ardhi yenu, kikichukua nyumba kadhaa, hakuna familia moja itakayoweza kukizuia kwa fedha zake. Hapo jambo linakuwa la mamlaka na la majirani wote, na kutumia akiba yenu kwenye ukuta kungekuwa kupoteza fedha ambazo mngezihitaji kwa kuanza upya. Najua kuhama kunang'oa watu kwenye kazi, shule na majirani wa miaka mingi, na ndiyo sababu sitaki uamue kwa hofu ya wiki moja, wala kwa faraja ya rangi ya njano.

Mtafute mjiolojia au mhandisi wa jiotekniki, yaani wa udongo na miamba, wiki hii, kupitia ofisi ya serikali inayohusika na jiolojia au maafa, chuo kikuu chenye fani hiyo, au chama cha wahandisi. Mwombe akague juu na chini ya kiwanja na asiishie kwenye nyumba. Mkabidhi daftari na picha. Muulize uso wa kutelezea uko kina gani, maji yako kina gani wakati wa mvua, uthabiti wa mteremko aliukokotoa kwa hali ya ukavu au ya kulowa, na tope likishuka litafika wapi. Akijibu bila kupanda hadi kwenye ufa, tafuta mwingine.

Lakini usimsubiri ukiona lolote kati ya haya: ufa unaopanuka kutoka asubuhi hadi jioni, nyufa mpya sambamba na ule wa kwanza, ardhi iliyovimba chini ya nyumba, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi ikitoa tope au iliyokuwa hai ikikauka ghafla, mlio wa mizizi kukatika, au maji ya korongo kupungua wakati mvua inanyesha, jambo linaloweza kumaanisha kwamba kuna kizuizi juu kinachokaribia kupasuka. Ondokeni hapohapo, mchana au usiku, mkielekea pembeni na kutoka kwenye njia ya kipande, wala si kuteremka nacho. Mwenye shida ya kutembea asaidiwe kwanza. Mkizuiwa na tope nje, nendeni ghorofa ya juu kama ipo, katika chumba kilicho upande usioelekea mlima. Wapigieni simu watu wa uokoaji na majirani walio chini yenu mara tu mkishafika mahali salama, na msirudi kuchukua vitu mpaka mteremko ukaguliwe, hata kama mvua imekatika na jua limetoka.